Ombi Lisilo Wazi: Miaka ya Kazi na Programu za Sauti, Butembo na Beni

Kwa kawaida ombi la sauti hupita hatua tatu ndani ya programu: sauti hugeuzwa maandishi, maandishi hutafutiwa nia ya msemaji, kisha nia hujazwa maelezo kama vile kiasi, mahali na saa. Hatua ya kwanza ndiyo husifiwa zaidi. Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa sauti mwaka 2017. Lakini muda mwingi wa kazi ya mwandishi wa tawasifu hii, katika miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliishia kwenye hatua ya tatu.

Ugumu wake huonekana kwanza kwenye pesa. Kongo hutumia franka na dola ya Marekani kwa pamoja, na pesa za simu hutunzwa katika akaunti mbili, moja kwa kila sarafu. Mfanyabiashara wa Butembo akisema "Mutumie makumi mbili", programu inaweza kusikia kila neno sawasawa na bado isijue kama ni dola 20 au ni franka 20,000 zilizofupishwa. Kumbukumbu za malipo ya nyuma husaidia kukisia, ila hazina haki ya kuamua: pesa ikishatumwa, kuirudisha ni shida. Dawa yake ni swali moja fupi, kwa lugha ya msemaji mwenyewe: "Dola ao franka?" Orodha ya machaguo matano haishikiki sikioni, sembuse sokoni penye kelele za pikipiki.

Mahali pana uzito zaidi kuliko pesa. Beni ni mji, na Beni ni teritware, yaani eneo la utawala, inayouzunguka, yenye makao yake Oicha. Mangina, kitovu cha kwanza cha mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, iko katika teritware hiyo, si mjini. Mtu akiomba wauguzi waje "Beni", jibu la kukisia laweza kupeleka gari njia isiyo yake huku mgonjwa akingoja. Mwenye hofu huchanganya pia Kinande, Kiswahili na Kifaransa katika pumzi moja, na utata huzidi.

Kwa hiyo ombi la wimbo au habari za redio likisiwe tu. Kosa lake ni dogo. Ombi la pesa au la mgonjwa liulizwe, na jibu la pili likibaki na utata, simu ipokelewe na mtu. Programu isiyo na mtu wa kuipokea simu hiyo haifai kuwekwa kwenye huduma ya afya.