Unauza Nini, Dada?

Swali lilikuja mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mara ya kwanza ilikuwa Tezo, kutoka kwa mama wa mahamri aliyekuwa akitufungia kumi kwa gazeti. Mara ya pili ilikuwa Roka, kijana mwenye mitungi minne ya maji kwa baiskeli moja, aliyetupita akiwa amevaa malapa na hata hapumui kwa nguvu: "Unauza nini, dada?" Mara ya tatu ilikuwa Matsangoni. Mzee alikuwa amekaa chini ya mwembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri tu, halafu akatazama ile mifuko miwili iliyoning'inia pande zote za gurudumu langu la nyuma.

"Unauza nini, mwanangu?"

"Siuzi kitu, mzee. Natembea tu."

"Kwa baiskeli?"

"Kwa baiskeli."

Akafikiria kidogo. "Na gari limewaharibikia wapi?"

Rafiki yangu alicheka mpaka akashika mti. Mimi nilicheka pia, lakini si sana. Hilo lilikuwa swali la baba yangu, na nilikuwa nimesafiri usiku kucha nikidhani nimelikimbia.

Baba alikuwa na Blackmamba. Ile nyeusi, nzito, yenye keria ambayo unaweza kuweka gunia la viazi na bado mtoto akapata pa kukaa. Mtoto nilikuwa mimi. Usiku ililala nasi ndani ya nyumba, hapo Umoja One, kati ya kochi na stovu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Baba aliitoa nje akiibeba begani ili cheni isituamshe, na sisi tuliamka tu. Alivuka Outering Road, akapita Donholm, akaingia Industrial Area hadi kiwanda kimoja upande wa Enterprise Road. Kama kilomita 9. Jioni, 9 zingine. Siku sita kwa wiki, miaka 16.

Hakuna mtu mtaani aliyewahi kumwita mwendesha baiskeli. Alikuwa tu mtu asiye na nauli.

Januari 2012 nikaitwa form one, shule ya bweni. Baba akamuuzia Blackmamba jamaa wa mkate pale Mutindwa. Pesa hazikutosha karo, zilitosha sanduku la bati kutoka Kamukunji, godoro na viatu. Miaka minne niliyokaa shule, alienda kazini kwa miguu. Mimi hilo nililijua kama mtoto anavyojua mambo ya nyumbani, yaani nililijua bila kulifikiria.

Basi nilipoanza kupata mshahara wangu, 2021, nikanunua baiskeli ya mtumba, nyepesi, ya gia. Niliipandisha ngazi nikiwa na furaha ya kijinga. Baba aliizunguka mara moja, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akasema, "Kwani hata wewe umekosa nauli?"

Tangu hapo nikaanza uongo mdogo mdogo. Jumapili asubuhi, Outering ikiwa bado imelala na kile kijia cha baiskeli hakijajaa meza za nguo na nyanya, nilipanda hadi Thika Road, nikakata kwa Kiambu Road na kuingia msitu wa Karura. Kwa Baba nilikuwa nimeenda kazini. Karura ni hekta zaidi ya 1,000 za miti katikati ya jiji, na zipo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa pale Januari 1999, walipoenda kupanda miti kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa watu wa kujenga. Siku hizi unalipia getini na unaendesha kivulini. Wengi unaokutana nao wamefika na baiskeli juu ya gari. Sisi watu wa Umoja tunafika tukiwa tumeshachoka na tuna moshi wa matatu usoni, lakini msitu haujali.

Ni Karura ndiko rafiki yangu alikosema: twende wa Pwani. Agosti mwaka jana tukachukua likizo ya siku nne. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, na wako wanaoiendesha yote. Sisi hatukuthubutu. Kila mtu aliyelelewa Eastlands anajua mtu aliyegongwa, na malori ya Mombasa Road hayana huruma. Tukapanda basi la usiku, baiskeli zikaingia buti pamoja na magunia, na konda akadai shilingi 500 kwa kila moja. Baba nilimwambia naenda semina.

Usingizi haukuja, nikaanza hesabu. Kilomita 18 kwa siku, siku sita, wiki 50, miaka 16. Simu ilinipa 86,400. Kuizunguka dunia ni kama 40,000. Baba aliizunguka mara mbili na hakuwahi kufika hata Machakos kwa baiskeli.

Tulishuka Mnarani makusudi, upande wa kusini wa Kilifi, ili tuvuke daraja tukiendesha. Lilifunguliwa 1991, kabla ya hapo watu walivuka kwa feri. Jua lilikuwa linachomoza, maji yako chini sana, na kusi, ule upepo wa miezi hiyo, ulitupiga mgongoni kama mtu anayesukuma gari lililokataa kuwaka. Kilifi hadi Gede ni kilomita kama 40, karibu tambarare. Lami ni nyembamba na matatu zinakusukuma kando bila aibu, kwa hiyo tukafanya kama wenyeji: tukashuka kwenye kijia cha mchanga kilichochongwa na magurudumu yao.

Hapo ndipo nilipoona kwa nini tunaulizwa tunauza nini. Huku baiskeli bado iko kazini. Maji. Makuti. Mitungi ya mnazi. Samaki wa Mida kwenye kapu lililofunikwa majani. Magunia ya makaa, yakipita haraka na bila salamu. Mama, mtoto wa shule na mtoto mwingine mgongoni. Wawili pekee barabarani waliobeba nguo zao wenyewe tulikuwa sisi.

Arabuko-Sokoke iko kushoto ukielekea Malindi. Ni kilomita za mraba kama 420, msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Kuna ndovu ndani, kwa hiyo tuliingia na kiongozi, naye akaja na baiskeli yake, fremu ya chuma, gia hana. Alituacha nyuma mara moja.

Msitu huo unaujua kwa matairi kabla ya macho. Mwanzo ni mchanga wa kijivu, unaenda. Halafu miti inaachana, inakuwa mirihi mirefu yenye nafasi katikati, na mchanga unageuka mweupe na laini kama unga. Hapo unashuka usukume, na usijione. Mbele zaidi udongo ni mwekundu, vichaka vimebanana, na hapo unaendesha tena. Tulimwona sengi, mnyama mdogo mwenye pua kama mkonga na matako ya rangi ya dhahabu, akikimbia kana kwamba amechelewa kazini. Kiongozi alisema kuna wakati majirani wengi wa msitu walitaka ufyekwe wapate mashamba. Msitu unauza nini? Ndiyo maana mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede. Wakulima wanafuga vipepeo, na mabuu yakishajifunga yanauzwa ng'ambo. Kwa hiyo hata miti imewahi kuulizwa swali langu, na ilibidi itafutiwe jibu.

Pancha ilinikuta kwenye ule udongo mwekundu. Nilikuwa na viraka. Nilikuwa na pampu. Gundi ilikuwa imekauka ndani ya tyubu yake, ngumu kama jiwe. Rafiki yangu alikuwa na kifaa chenye funguo 18 na video za YouTube kichwani, hakuna kilichosaidia. Kiongozi akatazama kinyesi cha ndovu njiani, akasema kwa adabu kwamba si cha leo, lakini pia si cha zamani sana.

Simu ilikuwa na mtandao kidogo. Nikapiga namba ambayo sikutaka kupiga.

"Mama, semina inaendeleaje?" Baba huniita Mama, nilirithi jina la mama yake.

"Baba, gundi ya viraka imekauka."

Nilisikia redio yake nyuma. Halafu ikazimwa.

"Uko wapi?"

"Msituni. Karibu na Malindi."

"Na baiskeli ilifika huko aje?"

"Kwa basi. Halafu nimeiendesha kutoka Kilifi."

"Kufanya nini?"

Kiongozi alikuwa ananitazama. Rafiki yangu alijifanya anatafuta kitu kwenye begi.

"Kuendesha tu, Baba."

Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, hata kwa kukatiwa simu.

"Ni mwiba ama msumari?"

"Mwiba. Nimeutoa."

"Pitisha kidole ndani ya tairi. Polepole. Miiba huwa miwili."

Kweli, kulikuwa na mwingine. Akaniambia nikunje tyubu pale penye tundu, nikakate raba kutoka kwa kile kipande nilichofungia mizigo, nizungushe na kukaza kama ninafunga mdomo wa mfuko wa unga. "Itakuwa na nundu," akasema. "Itakurusha, lakini utafika."

Nilifika. Du, du, du, kila mzunguko wa gurudumu, mpaka Gede. Fundi wa pale stendi alifungua tairi, akaiona ile fundo, akaita wenzake wawili waje waone.

"Nani kakufunza hii?"

"Baba yangu."

"Fundi?"

"Hapana. Alikuwa anaenda kazi."

Jioni tukiwa Malindi, tunakula viazi karai karibu na ufuo, Baba akapiga mwenyewe. Semina hakuitaja. Alitaka kujua watu wa huko wanabeba nini. Nikamhesabia: maji, makuti, mnazi, samaki. Kwenye makuti alinisimamisha, akauliza yanafungwaje, kwa urefu ama kwa upana, na keria inashikilia vipi. Nikamweleza nilivyoona. Akauliza upepo unatoka wapi.

"Kusini. Ulitusukuma siku nzima."

"Basi kuja ni rahisi. Kurudi ndiyo kazi." Akanyamaza kidogo. "Mrudi na basi."

"Konda atataka mia tano ya baiskeli."

"Mpe. Hiyo ni nauli yake."

Akakata simu. Sikuwa nimemaliza viazi wakati ujumbe wa M-Pesa ulipoingia: shilingi 500, kutoka kwa Baba.