Embe Zaoza Uani, Nawe Watafuta Stroberi

Hebu niulize, na mnijibu bila hasira: kuna mtu hapa Malindi kwao wanalima stroberi? Sidhani. Lakini fungua simu Januari uone vijana wenzangu wa hapa hapa, Barani, Maweni, Shella, wanavyohangaika na keki za stroberi za pakiti. Zimetoka huko Limuru, zimelala njiani kwenye basi, zikifika Malindi zishaanza kulia machozi. Na pale pale nyuma ya jiko la huyo mpishi, embe zimeanguka, zimepasuka, nzi wanafanya harusi.

Stroberi sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni huu: tumejifunza kupika kutoka kwa watu ambao hawana embe, kisha tukaanza kuona embe ni kitu cha watoto wa skuli, cha kutiwa chumvi na pilipili barabarani.

Kwetu Muyeye tuna miembe mitatu ya ngowe aliyoipanda nyanya. (Watu wa bara msicheke, sisi ile ya kachumbari twaiita tungule. Nyanya ni mamake mama.) Ngowe ni ile embe ndefu, nyama yake rangi ya machungwa, nyuzi karibu hakuna. Inasemekana ilipandwa kwanza Lamu mwanzoni mwa karne ya 20, miche ikitoka Zanzibar. Sasa shida ya ngowe ni kwamba msimu ukiwaka, Novemba hadi Februari hivi, sote twavuna pamoja, kwa hivyo bei yaanguka kwetu sote pamoja. Dalali anakuja na lori, anataja bei, ananyamaza. Msimu uliopita alitaka embe moja kwa shilingi tano. Mjomba wangu mkubwa akasema basi, heri miti ikatwe, ichomwe makaa, pale pajengwe vyumba vitatu vya kupangisha.

Na kihesabu hakosei, tuseme ukweli. Chumba chalipa kila mwezi. Mwembe walipa mara moja kwa mwaka, tena kwa matusi.

Kwa hivyo nikisema tuoke embe, siongei mambo ya picha nzuri tu.

Kitu cha kwanza mtakachoniambia ni "sina oveni." Haya. Nyanya hajawahi kuwa na oveni maishani mwake, na mkate wake wa sinia hakuna mkahawa hapa mjini unaoufikia. Mchele unalala majini usiku kucha, asubuhi unasagwa na tui zito, sukari, iliki na hamira, unaachwa uumuke mpaka ufanye mapovu. Ukishamiminwa kwenye sufuria na kuanza kushika chini, unafunikwa kwa sinia na makaa yanapaliwa juu. Siri yote iko hapo: moto mwingi juu, mdogo chini. Hiyo ndiyo oveni, jamani. Pwani ilikuwa ikioka kabla ya mtu yeyote kutuambia tuweke 180.

Basi keki ya embe naioka vile vile. Embe mbili zilizoiva hasa, za kulegea mkononi, nazisaga bila maji. Unga vikombe viwili, mafuta nusu kikombe, mayai mawili, beking pauda vijiko viwili vya chai, iliki ya kutwanga, chumvi kidogo. Sukari nusu kikombe tu, usizidishe, maana ngowe imekuja na yake. Maziwa sitii kabisa, embe yafanya kazi hiyo. Dakika kama 40, na usifunue funue kila saa kama mtu anayengoja ujumbe wa mpenzi. Ikiwa embe ina maji mengi, ichemshe kwanza ipungue, la sivyo katikati itakuwa uji.

Keki moja naikata vipande 12, kipande shilingi 40. Nikitoa unga, mayai, mafuta na makaa, hubaki kama 250. Na hapo nimetumia embe mbili ambazo dalali angezilipa shilingi kumi.

Wengine wananiambia chakula cha uani ni cha umaskini. Mtsunga, mnavu, majani ya kunde, eti ni mboga za mashamba. Lakini mvua ya Aprili ikishanyesha, mboga hizo zinaota zenyewe kando ya ua, na uchungu wa mtsunga ukikutana na tui la nazi na pilipili ya kijani, na sima pembeni, mimi hapo sisikii simu. Watalii wa Kiitaliano wanaojaa huku kwetu, kwao mtu anayepika kinachoiva wiki hiyo anasifiwa. Sisi tukifanya hivyo twaambiwa tumeishiwa.

Halafu kuna hii. Sote tumepigia picha ile nguzo ya Vasco da Gama. Alipita hapa mara ya kwanza 1498. Kilichonishika mimi ni safari ya kurudi, Januari 1499: mabaharia wake walikuwa wakifa njiani kwa maradhi ya fizi, yale ya kukosa matunda na mboga mbichi, na alipotia nanga Malindi alituma mtu pwani alete machungwa. Wengi walikufa hata hivyo, walikuwa wameshachelewa. Lakini meli yenye mizinga ilikuja kuomba matunda ya watu wa hapa. Hilo shuleni sikuambiwa.

Sasa hivi embe zimeisha, nimehamia muhogo. Naukuna, nautia tui na yai, naupalia makaa vile vile. Bado waniganda katikati, nikiupatia nitawaonyesha. Embe mbichi za mwisho nishazianika zikawa achari, chupa 14, zimebaki tatu.

Mjomba hajabadili nia. Kikao cha familia kuhusu ile miti ni mwezi ujao, na mimi kwa umri wangu siruhusiwi kusema mbele ya wazee. Nimemwomba mama aniachie kazi ya kupeleka chai. Daftari la mauzo nitaliweka kwenye sinia, chini ya sahani ya achari.