Kitanda cha Anayeuguza

Taya la mwanangu lilianza kuvimba upande wa kushoto. Nyumbani kwetu Newala tukadhani ni jino, likang'olewa, uvimbe ukazidi. Meno ya jirani yakalegea, na jicho la upande ule likaanza kusukumwa nje. Alikuwa na miaka sita. Tulipofika hospitali ya rufaa, mbali na nyumbani, daktari alinitajia limfoma ya Burkitt. Ni saratani inayokua kwa kasi kubwa, akasema, na jina lake linatokana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyeiona kwa watoto wa Kampala na kuandika habari zake mwaka 1958. Akamalizia kwa kuniambia kwamba dawa zipo na zinafanya kazi. Neno hilo ndilo nililoondoka nalo.

Mke wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji muda mfupi kabla, hawezi kusafiri, kwa hiyo aliyeuguza ni mimi. Wodi ilijaa akina mama. Walilala sakafuni kati ya vitanda, juu ya mikeka na khanga. Ikifika magharibi, wanaume wote tulitakiwa kutoka. Sababu naielewa: wanawake wananyonyesha na wanahitaji kusitirika. Lakini mtoto anayetapika usiku baada ya sindano ya uti wa mgongo anamwita mtu aliyekuja naye. Mama wa kitanda cha jirani, nisiyemjua kabla ya hapo, aliniambia, "Nenda kapumzike, baba. Mwanao ni mwanangu." Alimfuta matapishi na kumbembeleza hadi alfajiri, huku na wake ana dripu. Mimi nilikuwa kwenye mabenchi ya nje na akina baba wenzangu, tukipigana na mbu, kila mmoja akisikiliza kama kilio kinachotoka dirishani ni cha wake.

Dripu ya kwanza ilipoisha, kwa siku chache tu uvimbe ulinywea. Uso wa mwanangu ukarudi. Nililia kwa furaha, na sikujua kwamba hapo ndipo wengi wanapopotelea. Mtoto anacheka, anakula, anaonekana amepona. Nyumbani korosho zinaanguka na hakuna wa kuziokota, mama anapiga simu kwamba unga umekwisha, na wewe unalala benchi. Daktari anasema dozi bado. Baba mmoja tuliyelala naye pale nje alimchukua mtoto wake akaondoka. Aliporudi baada ya miezi, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa nguvu, na yule mtoto hakutoka tena hospitali. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa na watoto wengine nyumbani, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza wanakula nini.

Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Kati ya sababu linazozitaja ni matibabu kuachwa katikati. Nikisikia maneno hayo namwona yule baba akifunga mfuko wake.

Mimi niliokolewa na chumba. Afisa ustawi wa jamii alinipatia nafasi katika hosteli ya wazazi iliyokuwa ikiendeshwa na wasamaria, yenye vitanda, jiko na bomba la maji. Kati ya dozi na dozi tulikaa pale badala ya kutafuta nauli ya kwenda na kurudi Newala. Tulimaliza dozi zote. Leo mwanangu yuko sekondari na anacheza mpira.

Kwa sababu hiyo, nilipoitwa kwenye kikao cha kupanga hospitali mpya ya watoto, pamoja na wazazi wengine, sikusita. Mimi ni fundi mwashi, ramani naisoma. Nilitafuta mahali pangu nikaona viti tu, chini ya maandishi "wanaosubiri". Nikawaambia wasanifu kwamba mzazi hasubiri. Analisha, anabeba, anashika mkono wakati wa sindano, anafua, anakesha. Tuliomba kitanda cha kukunja ukutani kando ya kila mtoto na pazia zito la kuzunguka, ili baba naye aweze kulala. Tuliomba kabati lenye kufuli, mahali pa kufulia na kuanika, na chumba chenye mlango kwa ajili ya kuambiwa habari nzito, maana wengi wetu tuliambiwa kwenye korido watu wakipita.

Kisha akasimama mama aliyefiwa. Aliweka kidole kwenye ramani, palipochorwa chumba cha michezo, akaonyesha kwamba njia ya kwenda chumba cha maiti ilipita mbele yake. "Wangu alipitishwa mbele ya wenzake waliokuwa wakicheza," alisema. "Wakaacha kucheza." Mlango wa nyuma ulichorwa siku ile ile.

Daktari mmoja alitusimulia kwamba hata Uingereza wazazi walikuwa wakizuiwa kukaa na watoto wao wodini, hadi kamati ya Harry Platt ilipopendekeza mwaka 1959 milango ifunguliwe. Kwetu mama hajawahi kutoka wodini. Ila hakuna aliyempangia pa kulala. Tulionyeshwa pia picha za hospitali ya upasuaji wa watoto ya Entebbe, iliyochorwa na msanifu majengo Renzo Piano na kufunguliwa mwaka 2021. Kuta zake ni za udongo uliochimbwa pale pale na kushindiliwa, wodi zinatazama miti, matibabu ni bure, na familia zinazotoka nje ya Uganda zina nyumba ya kufikia. Kama mwashi nilizitazama zile kuta kwa muda mrefu.

Vitanda vya kukunja vimekubaliwa, na pazia pia. Jiko bado. Wanaogopa moto, na wanasema chakula kitaletwa na mzabuni. Mtoto aliyechomwa na dawa mdomoni hali chakula cha mzabuni. Anakula uji aliouzoea, uliopikwa na mtu anayejua anaupenda mwepesi au mzito. Nimechora jiko la tofali la kusimama peke yake, hatua kadhaa kutoka jengo kuu, lenye mlango wa chuma na ndoo za mchanga. Kikao kijacho naenda nalo.