Malazi ya Kambini

Usingizi ni chakula cha usiku. Mtu aweza kukosa mlo mmoja akaenda salama, lakini aliyekosa usingizi huamka akiwa nusu ya mtu: miguu yake mizito, macho yake hayapimi masafa sawasawa, na hasira zake ziko karibu. Nyumbani upungufu huo huleta kusinzia darasani tu. Kambini, ambako kesho yake kuna mlima wa kupanda, mto wa kuvuka na njia ya kutafutwa kwa ramani na dira, upungufu huo huo waweza kumtia mtu hatarini, na pamoja naye wenzake wote. Kwa sababu hiyo nataka nizungumze nawe, msomaji wangu, juu ya jambo ambalo vijana wengi hulipa nafasi ya mwisho wafungapo mizigo yao, nalo ni malazi.

Wako wanaojigamba kwamba wao hulala popote, na kwamba kutafuta raha safarini ni dalili ya ulegevu. Mimi sikubaliani nao. Watazame watu waliozoea maisha magumu kuliko sisi, uone walivyolala. Wamasai, ambao hakuna awezaye kuwaita walegevu, walitengeneza vitanda vya fito na matawi, wakatandika juu yake ngozi za ng'ombe. Wafugaji wa ngamia wa kaskazini, wahamapo, hupakia mikeka na ngozi zao juu ya wanyama pamoja na vyombo vya maziwa. Watu wa pwani walisuka mikeka ya ukindu na kuwamba vitanda kwa kamba ili upepo upite chini ya mwili. Wote hao walijua jambo moja: ushujaa ni wa mchana, na usiku mwili hudai haki yake.

Basi yafaa kwanza umjue adui yako. Blanketi halina moto ndani yake. Moto ni wa mwili wako mwenyewe, na kazi ya blanketi ni kuuzuia usitoroke. Kizuizi chenyewe hasa si kitambaa bali ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi zake. Hewa iliyonaswa hivyo hupitisha joto kwa shida sana. Lakini ukilala juu ya blanketi, uzito wako huikamua hewa ile ikatoka, na kilichobaki chini yako ni kitambaa chembamba kilichobanwa, na chini ya kitambaa hicho ni ardhi baridi isiyochoka kunyonya joto usiku kucha. Ndiyo maana wengi huongeza mablanketi juu na bado hutetemeka, kwa kuwa baridi yao hutoka chini.

Nimepata kuyaona hayo kwa macho yangu katika kambi moja miguuni mwa Mlima Kenya. Kijana mmoja alikuwa na mfuko wa kulalia wa thamani kubwa, akautandika juu ya sakafu tupu ya hema. Jirani yake alikuwa na mablanketi mawili ya kawaida, lakini chini yake aliweka magunia manne makavu na mkeka wa sponji. Alfajiri mwenye mfuko alikuwa ameketi amejikunyata, meno yakigongana; mwenye magunia ilibidi aamshwe.

Mlima ule ule una mwalimu mwingine wa somo hili. Huko juu, pasipoweza kuota miti ya kawaida, humea mmea mkubwa ambao wataalamu huuita Dendrosenecio. Majani yake yakifa hayadondoki. Huning'inia yakalizunguka shina mithili ya koti zito, yakalikinga na baridi kali ya usiku. Na jua likitua, majani yake mabichi hujikunja yakakifunika kichipukizi kilicho katikati. Mmea huo haukusoma shule, lakini umejua kwamba kitu kikavu chenye hewa ndani yake ni kinga, na kwamba kilicho laini hufunikwa kabla ya baridi kuingia.

Jambo la pili ni kupajua mahali uendako. Kwa kukadiria, kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kama digrii 6 hivi. Usiku wa Mombasa wenye digrii 22 ni wa kulala na shuka. Katika kambi ya Old Moses iliyo katika mita 3,300 upande wa Sirimon, maji ndani ya chupa yaweza kukaribia kuganda; na wale wanaolala juu zaidi ili wafike kilele cha Lenana, mita 4,985, kunapopambazuka, hukuta umande umekuwa barafu juu ya mahema. Kumbuka pia kwamba usiku wenye nyota nyingi huwa na baridi kuliko usiku wenye mawingu, na kwamba hewa baridi ni nzito, hivyo hutelemka na kutuama mabondeni kama maji. Aliyepiga hema hatua chache juu ya bonde hulala vizuri kuliko aliyepiga ndani yake.

Pwani na kando ya Ziwa Viktoria mambo hugeuka. Adui wa huko si baridi bali ni joto na mbu, na mbu waenezao malaria huuma hasa usiku. Huko usibebe mfuko mzito. Chukua mkeka, shuka nyepesi ya pamba, na chandarua kisicho na tundu, kilichochomekwa vizuri chini ya malalo, wala kisiguse mwili wako, maana mbu huuma kupitia wavu.

Ukijaliwa uwezo wa kununua mfuko wa kulalia, usivutwe na rangi yake. Tazama vipimo vya joto vilivyoandikwa. Mara nyingi huwa vitatu: cha kwanza ni cha kulala kwa raha, cha pili ni cha mwisho wa kuvumilia kwa kujikunja, na cha tatu ni cha kuokoa roho tu, wala si cha usingizi. Wauzaji hupenda kukuonyesha kile chenye baridi kali kuliko vyote; wewe nunua kwa kile cha kwanza. Mifuko yenye manyoya ya bata ni miepesi na ina joto sana, lakini ikilowa huwa haifai kitu. Ile ya nyuzi za viwandani ni mizito kidogo, walakini hubakiwa na joto kiasi hata ikipata maji. Mikeka ya kulalia nayo huwa na kipimo kiitwacho R: namba ikiwa kubwa, kinga ni kubwa. Tena vipimo hivyo hujumlishwa, mkeka wa 2 juu ya mkeka wa 2 ukawa 4. Kwa hiyo mikeka miwili ya bei nafuu yaweza kufanya kazi ya mmoja wa ghali.

Lakini najua kwamba wengi mnaosoma maneno haya hamna fedha za kununua vitu hivyo, na wazazi wenu wana karo ya kulipa. Msivunjike moyo, ujikune ujipatapo. Magunia makavu, maboksi ya karatasi ngumu yaliyokunjuliwa, au majani makavu yaliyojazwa ndani ya gunia, pale ambapo kanuni za mahali zinaruhusu kuyakusanya, ni godoro la kutosha. Ukiwa na mablanketi matatu, mawili yawe chini na moja juu, kisha ukunje kingo zake zikuzunguke. Nguo za ziada zikitiwa ndani ya foronya huwa mto. Kofia na soksi kavu zina faida kubwa kuliko bei yake.

Hapa pana neno ambalo nataka ulishike kuliko yote niliyosema. Katika kila kundi la wanafunzi huwa yumo mmoja aliyekuja na shuka moja tu, naye huona haya kusema. Hunyamaza jioni, hucheka na wenzake, kisha hukesha akitetemeka gizani. Mwili uliopoa kupita kiasi hupoteza nguvu, ulimi huwa mzito, akili huchanganyikiwa, na mwisho kutetemeka kwenyewe hukoma. Hapo mauti yako karibu. Basi viongozi wa kundi na wakague malazi kabla ya safari, kwa upole na faraghani, na kilicho zaidi kwa mmoja kipelekwe kwa aliyepungukiwa. Kusaidiana mkeka hakumwaibishi apewaye. Aibu ni kulala fofofo huku mwenzako anakufa kwa baridi umbali wa mkono mmoja.

Wala mtu asijaribu kutafuta joto kwa kuingiza jiko la makaa ndani ya hema. Makaa hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Haimwamshi mtu, humzidishia usingizi mpaka asiamke tena. Jiko na libaki nje, hata likionekana limezimika, na tundu la hewa la hema liachwe wazi kidogo, kwa kuwa pumzi zenu zenyewe hulowesha kuta zake na matandiko.

Chagua pia kiwanja chako kwa akili. Ondoa mawe na visiki kabla ya kutandika. Ikiwa ardhi ina mteremko, kichwa kiwe upande wa juu. Usilale chini ya tawi kavu, wala juu ya njia ya wanyama, wala ndani ya mkondo mkavu wa mto, hata kama mchanga wake ni laini kama godoro. Mvua inyeshayo mbali usikokuona huleta maji kwa ghafla. Mnamo Septemba 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliwaua watu waliokuwa wakitembea katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, na wao walikuwa macho tena mchana.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo usingoje mlimani kuyajua malazi yako. Wiki moja kabla ya safari, tandika sakafuni pale nyumbani au uani, ulale usiku mzima kama utakavyolala kambini. Usiku huo utakuambia ni wapi baridi inapoingia, bega gani linaumia, na ni kitu gani cha kuongeza au kuacha. Siku ya safari yenyewe kula chakula cha moto jioni, vaa nguo kavu ambazo hukutembea nazo, jisaidie kabla ya kuingia hemani, weka tochi karibu na mkono wako, kisha umuulize jirani yako kama amepata joto. Akikujibu kwamba amepata, nawe umepata, laleni.