Fundi wa Keko na Udi wa Kwanza

Mpwa wangu anakaa Mbagala. Mwezi uliopita alinitumia picha ya udi kwenye simu: umepakwa vanishi hadi unameremeta, umepambwa kwa kombe la chaza kuanzia shingoni hadi tumboni, na bei yake inavutia. "Mjomba, huu si unatosha kuanzia?" Nikampigia. Katika kuongea akaniuliza kama ni kweli taarabu iliwahi kupigwa kwa udi, maana yeye anayoijua ni ya kinanda cha umeme tu. Swali lile liliniuma, na yeye sikumlaumu. Angeujulia wapi, wakati mitaani kwetu hakuna tena anayeupiga barazani? Basi acha nimweleze, yeye na wenzake, mtu wa kawaida alivyopata udi wake wa kwanza mjini hapa.

Tulikuwa tunakaa Temeke. Mwaka nilioupata wangu nimejaribu kuuhakikisha: kaka yangu anashikilia 1974, mimi nakumbuka tulipanda basi la UDA tukiwa tumeshalizoea, na UDA yenyewe ilianza mwaka huohuo, kwa hiyo huenda ilikuwa 1975. Tuyaache. Dar es Salaam ilikuwa na vilabu vyake vya taarabu, Egyptian na Al-Watan, vya tangu miaka ya 1930, na kijana aliyeutaka udi hakuanza kwa kununua. Alianza kwa kukaa. Anakaa nyuma ya wakubwa, anabeba vyombo, anapanga viti, anatumwa maji, hadi siku mmoja wao anamwambia: haya, shika. Wengi waliuzoea udi wa kuazima kwanza, wakaja kutafuta wao baadaye, tayari wanajua wanatafuta nini.

Wa kwangu ulipatikana Keko. Keko ya makabati na vitanda kila mtu anaijua, lakini miongoni mwa maseremala wale alikuwepo mzee mmoja aliyetengeneza udi uliovunjika. Ukiingia kwenye banda lake unapokewa na harufu ya gundi ya ngozi na mifupa ya ng'ombe, inayopata moto taratibu ndani ya kopo, na kopo limekaa kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la makaa. Harufu nzito, ya kukirihi mwanzoni. Inachanganyika na vumbi la mninga na kahawa ya muuzaji anayepita akigonganisha vikombe. Hata leo nikinusa mbao za mninga zilizopasuliwa karibuni, namsikia yule mzee akisema, "Usiuangalie, usikilize."

Gundi ile aliitetea kwa nguvu zote. Ikipata joto na unyevu inaachia, kwa hiyo fundi anaweza kuufungua udi, akautibu ndani, akaufunga tena. Gundi za kisasa za dukani zikishashika, anayetaka kufungua lazima avunje.

Aliniwekea mbele udi wa zamani, hauna pambo hata moja, usoni una kiraka cha ubao mwembamba. Kwanza aliunyanyua hadi usawa wa jicho akaitazama shingo kwa urefu wake, kama seremala anavyoupima ubao, kuona kama imepinda. Akagonga tumbo kwa kifundo cha kidole, sehemu baada ya sehemu, akisikiliza kama kuna kinacholialia ndani, maana vijiti vinavyoushikilia uso vikiachia, sauti inachakaa. Akanikandamizisha nyuzi pale shingo inapokutana na tumbo. Nyuzi zikikaa juu mno, mwanafunzi anaumia vidole, anakata tamaa kabla hajajua maqamu, yaani ngazi ya sauti, hata moja. Mwisho akazikaza zote, 11, jozi tano na ule mmoja mnene wa peke yake, akauweka udi kando, tukaagiza kahawa na kashata. Vikombe vilipoisha akazipiga tena. Hazikuwa zimeshuka. Vigingi vilikuwa vinashika. "Huu chukua," akasema.

Fedha yote sikuwa nayo. Nililipa kidogo kidogo, nyingine nikailipa kwa kumsugulia mbao msasa. Nyuzi nyembamba zilipokatika tulitia mshipi wa kuvulia kutoka Feri, na unyoya wa tai tuliupigia hadi ukachakaa, ukaja wa plastiki. Nyuzi za chuma za gitaa mzee alizikataza katakata: mvuto wake ni mkubwa, na daraja la udi limegandishwa tu usoni, linang'oka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Miaka ya 1990 vikundi vya Muungano na TOT vilishindana, kinanda kikatoa sauti za vyombo kumi, na waimbaji wengine wazuri sana walitoka humo, siwakatai. Lakini udi ulishushwa jukwaani na hakuna aliyepiga kelele. Mzee wa Keko alifariki, na kazi ile hakuna aliyeirithi pale. Leo kijana anapata gitaa la Kichina Kariakoo asubuhi na mapema, ila udi ukimtoka daraja hapa mjini, atatafuta mtu wa kumtengenezea hadi achoke. Ndiyo maana udi wa bei nafuu unaishia kuwa ghali.

Mpwa wangu nimemwambia asiununue ule wa kwenye picha. Kombe la chaza halitoi sauti, na vanishi nene inaubana uso usitikisike. Avuke kwanza Unguja, kwenye chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa 2002, ambako udi unafundishwa. Akae na mwalimu, ashike wa kuazima, ndipo mwalimu amchagulie. Nauli ya boti ni hasara ndogo kuliko udi usiokaa sauti.

Na wewe mwenye udi wa marehemu baba unaoning'inia sebuleni, Magomeni, Kinondoni au Temeke: ulegeze nyuzi zake leo, kwa sababu zikikaa zimekazwa miaka yote zinaivuta shingo. Usiwauzie wanaotafuta mapambo ya hoteli. Mwazime kijana anayejifunza.