Mazungumzo na Mshairi Mbele ya Wanafunzi

Ndugu walimu wenzangu, katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za sarufi, fasihi na mbinu za kufundishia. Leo naomba nieleze kosa langu mwenyewe, nililolifanya hadharani mbele ya wanafunzi na mgeni wa heshima. Siandiki ili nihurumiwe. Naandika kwa kuwa kosa lenyewe ni la kazi yetu, na sidhani kuwa ni mimi peke yangu niliyepata kulifanya.

Shule niliyokuwa nikifundisha wakati huo iko magharibi mwa Uganda. Chama cha Kiswahili cha wanafunzi kilimwalika mshairi mmoja mzee wa pwani, aliyekuwa amefika nchini kwa shughuli zake, aje kuzungumza nasi ukumbini. Hatukutaka atoe hotuba. Tulitaka akae jukwaani, mtu amhoji naye ajibu, kisha wanafunzi wapewe nafasi ya kuuliza yao. Nikateuliwa mimi kuwa mhoji.

Nilijitayarisha kwa muda wa siku tatu. Niliandika maswali kumi na manane katika daftari, yote kwa Kiswahili cha kujipamba, maana nilijua kwamba mgeni amezaliwa katika lugha hii ilhali mimi nimeikuta darasani. Swali la kwanza lilihusu ule mgogoro wa ushairi uliopamba moto miaka ya 1970, pale Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, na watu wakabishana iwapo utungo usio na vina wala mizani unastahili kuitwa shairi. Swali lilikuwa refu hata nilipofika mwisho wake nilikuwa nimekwisha kulijibu mwenyewe. Mzee akatabasamu, akasema, "Naam, ni kama ulivyosema, Mwalimu." Ukumbi ukanyamaza. Nikafungua ukurasa wa pili.

Yakaenda hivyo kwa muda wa nusu saa. Wanafunzi walianza kutazama madirishani. Hatimaye nikawapa wao nafasi, na baada ya kimya kirefu akasimama msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye darasani hakuwa na desturi ya kunyanyua mkono. Akasema, "Mzee wetu, shikamoo. Shairi yako ile ya mama, mimi nilipoisikia nilikumbuka..."

Nami, kwa mazoea ya miaka mingi, nikasogeza kipaza sauti mdomoni nikasema, "Shairi lako lile. Nilipolisikia."

Ukumbi mzima ukacheka. Msichana akasimama kitambo kidogo, akakaa. Mzee akainama mbele, akamwambia kwa upole, "Endelea, mwanangu. Ulikumbuka nini?" Msichana akatikisa kichwa. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyeuliza swali siku ile.

Baadaye, tulipokuwa tukinywa chai katika chumba cha walimu, mzee aliniambia neno moja tu kuhusu jambo hilo. Alisema, "Mwalimu, yule mtoto alikuwa akinibishia hodi. Wewe umemzuia mlangoni kwa ajili ya matope ya miguuni."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, yakanikumbusha siku nilizokuwa nikisomea stashahada ya ualimu mjini Kampala. Mkufunzi wetu mmoja alipenda kutusimulia mkutano uliofanyika Makerere mwezi wa Juni 1962, waliokutana waandishi wa Kiafrika waliotumia Kiingereza, miongoni mwao Chinua Achebe na Wole Soyinka wa Nigeria. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado mwanafunzi hapo Makerere, alipata fursa ya kumpa Achebe mswada wake ausome. Riwaya yake Weep Not, Child ikachapishwa mwaka 1964. Hiyo ndiyo faida ya kijana kukutana na mwandishi uso kwa uso. Lakini mlango ule haukuwa wazi kwa wote. Ngũgĩ mwenyewe alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind, kilichotoka mwaka 1986, kwamba yeye mwanafunzi mwenye hadithi chache za Kiingereza alifaa kualikwa, ilhali Shaaban Robert, mwenye vitabu vingi vya Kiswahili, hakufaa. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962.

Tulikuwa tukiisikiliza habari hiyo kwa uchungu, tukiwalaumu walioweka sharti la lugha mlangoni. Haikunijia kwamba siku moja nami ningesimama mlangoni na sharti langu.

Tukumbuke pia mahali tunapofundishia. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini wapo wazazi ambao hadi leo wanakiita lugha ya askari, kwa sababu ya waliyoyaona zamani. Mtoto anayesimama mbele ya watu katika mazingira hayo, akasema kwa Kiswahili jambo lililomgusa moyoni, amekwisha kutenda lililo zito. Ngeli inaweza kungoja hadi kesho yake darasani. Ujasiri ukivunjika haungoji.

Wala mazungumzo ya mtunzi na hadhira si jambo la kigeni kwa Waswahili, hata tuseme kwamba yanahitaji urasmi wa kutisha. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga katika mji ambao watu walijibizana kwa mashairi, na shairi lililotupwa leo lilingojewa jibu lake kesho. Barazani msikilizaji ana haki ya kusema. Mimi nilikuwa nimegeuza baraza kuwa chumba cha mtihani.

Tangu siku hiyo nimepata kuongoza mazungumzo ya namna ile mara tatu. Siku hizi nachukua maswali matano tu, mafupi, na la kwanza huwa ni kumwomba mgeni asome utungo wake, wanafunzi wapate la kushika. Wiki moja kabla, wanafunzi hukaa wawili wawili na kuambiana maswali yao. Siku yenyewe natanguliza wanafunzi, yangu yanafuata. Makosa ya lugha nayaandika pembeni bila majina, tukayatazama katika kipindi kinachofuata kama makosa yetu sote. Na mwanafunzi anapozungumza, kipaza sauti changu nakilaza mezani.

Yule msichana nilimwita siku ya pili, nikamwomba radhi. Aliipokea radhi yangu kwa adabu. Nilipomwuliza alichokuwa amekumbuka aliposikia shairi la mama, alijibu, "Nimesahau, Mwalimu." Alimaliza shule yetu miaka miwili baadaye, na katika mtihani wake wa Kiswahili alipata alama nzuri. Swali lake sijalisikia hadi leo.