Mraba na Nukta Mbili

Mraba ni umbo la haki: pande zake nne ni sawa na pembe zake hazipendelei. Ajuaye upande mmoja huujua mzima. Kwa uchache huo wa mahitaji, mraba hupendwa na watungaji wa mitihani. Katika SAT, mtihani wa Marekani ulioanza mwaka 1926, ambao vyuo vingi huutazama katika kupokea wanafunzi, sehemu ya hesabu leo ina maswali 44 kwa dakika 70. Fungu la kila swali ni kama dakika moja na nusu, na katika muda huo mlango wa chuo huweza kufunguka au kufungwa.

Tangu René Descartes wa Ufaransa alipochapisha jiometri yake mwaka 1637, nukta huandikwa kwa namba. Basi na zitolewe nukta (1, 2) na (4, 6), pembe mbili za mraba, na eneo liulizwe. Mwenye haraka huhesabu hatua 3 kwenda kulia na 4 kwenda juu. Kwa kanuni ya Pythagoras, 9 na 16 ni 25. Upande ni 5, eneo ni 25. Hesabu yake haina doa. Lakini swali lilisema kuwa pembe hizo zinakabiliana. Mstari alioupima ni ulalo, na eneo la kweli ni nusu ya lile, yaani 12.5. Neno moja lilibeba nusu ya mraba, naye alilipita kama mpita njia.

Hata pembe zikiwa jirani, miraba ni miwili, mmoja kila upande wa mstari. Hatua 3 na 4 hubadilishana nafasi, na moja hugeuzwa mwelekeo. Kwa hatua 4 kushoto na 3 juu, pembe nyingine ni (-3, 5) na (0, 9); kwa hatua 4 kulia na 3 chini, ni (5, -1) na (8, 3).

Nukta mbili tu zimezaa miraba mitatu. Mkono hupenda kuchora ule wa kwanza kabla jicho halijamaliza kusoma, na mchoro ukishakaa karatasini huwa shahidi wa uongo anayeaminiwa. Sekunde kumi za kusoma ni gharama ndogo. Asiyezitoa hujibu vizuri swali ambalo hakuulizwa.